Ni Mimi Niliua

Kwa aliyekosa magazeti ya wiki zilizopita nitaeleza upesi, maana kuyarudia haya kunanichosha.

Naitwa Ramzi, mzaliwa wa Majengo, hapa Machakos mjini. Nilikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo ambayo sitaitaja, kwa sababu wenyewe wana mawakili na mimi sina hata kazi. Mwezi wa tatu, mwanamume mmoja wa Mitaboni aliyeitwa Muema alifariki baada ya chakula cha jioni. Mkewe, Katunge, nilimhoji mimi mwenyewe nje ya mochari. Klipu yake ikaenda hewani saa saba mchana. Ilikuwa ya sekunde tatu. Alisikika akisema, "Ni mimi niliua."

Jioni hiyo watu wakalichoma jiko lake, kile kibanda cha kupikia. Polisi wakamchukua, akashtakiwa kwa mauaji.

Wiki iliyopita niliwaambia kwamba sekunde hizo tatu ndizo pekee zilizosikika vizuri, na kwamba mengine yote yaliharibiwa na upepo. Mkaniandikia kunipa pole. Mama mmoja wa Athi River akasema ananiombea kila asubuhi.

Mama, acha kuniombea kwanza. Niliwadanganya. Hakukuwa na upepo.

Rekodi nzima ninayo. Nimeisikiliza mpaka naisikia hata nikipiga mswaki. Haya ndiyo yaliyomo.

Mimi namuuliza: "Mama Kalondu, jioni hiyo nani alipika?"

Yeye anajibu: "Ni mimi niliua ngima, na unga ya yale mahindi yetu ya stoo, yale yalinyeshewa. Ilikuwa na ukungu kidogo, nikapepeta, nikapeleka posho mill. Hata watoto wametapika. Hata mimi tumbo inaniuma. Baba Kalondu macho yake ilikuwa manjano tangu Jumapili. Ambia daktari aangalie hiyo unga."

Basi. Ni hayo tu.

Ukungu wa mahindi ni sumu, hilo kila mtu Machakos analijua. Ngima ni ugali. Na kuua, kwa Kikamba, ni kupika. Mama aliyelia tangu alfajiri hachagui maneno. Alianza kwa Kiswahili kwa sababu mimi nilimuuliza kwa Kiswahili, kisha ulimi ukashika neno la nyumbani, ukaendelea na safari.

Mtasema labda sikujua. Nilijua. Tukiwa darasa la nne, msichana mmoja alichelewa shule, mwalimu akamuuliza sababu. Akajibu, "Mama alikuwa anaua chai." Darasa zima lilicheka, na aliyecheka kuliko wote nilikuwa mimi, Mswahili wa Majengo. Tulimtania mpaka mwaka ukaisha. Kwa hiyo neno hilo nililijua tangu nina miaka kumi.

Sasa niwaambie ilivyokuwa studio.

Mike, mhariri wetu, alikuja akiwa na haraka. Mike ni mtu wa Nakuru. Miaka minane Machakos, na Kikamba chake hakijapita salamu.

"Ramzi, saa saba tuko na nini?"

"Kuna mkutano wa wauza ngozi kule Kinanie."

"Ngozi itasikizwa na nani, bro? Kitu ingine."

"Kuna mama wa Mitaboni amefiwa na mzee wake. Watu wa huko wananong'ona."

Nikaicheza rekodi. Ilipofika pale, Mike akainua mkono.

"Rudisha hapo. Huyu amesema ameua?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu, hapana bosi, anasema alipika. Sauti ingenitoka na mambo yangeisha hapo.

Nikamjibu, "Ndivyo alivyosema."

"Kata hapo hapo."

Nikakata. Mbele nikaliondoa swali langu, nyuma nikaondoa ngima na kila kilichofuata.

Msiniulize kwa nini kana kwamba nina jibu zuri. Miaka sita nilikuwa nasoma matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea. Nilichoka kuwa sauti ambayo watu wanapiga soga bila kuisikiliza. Nilitaka siku moja Machakos nzima inyamaze inisikilize, na ikanyamaza.

Klipu ilienda kwenye simu za watu kabla taarifa haijaisha. Jioni nikapewa kipindi, kile cha kupiga simu. Mada aliitunga Mike: "Kwa nini wake wanaua waume?" Saa mbili nzima watu walimhukumu Katunge. Mmoja alitaka anyongwe, mwingine afukuzwe Ukambani, mwingine akaleta habari za shangazi yake ambazo hazikuhusu. Mimi nilikuwa nasema "asante kwa mchango wako" kwa kila mmoja.

Mpigaji wa mwisho alisema anaitwa Masila, yuko Ndithini.

"Nyinyi watu," alisema, "huyo ni dada yangu, na hiyo maneno mnacheza ni Kikamba. Alikuwa anasema..."

Mike alikuwa upande wa pili wa kioo. Alipitisha kidole shingoni. Nikabonyeza kitufe.

"Naona laini ya Masila imekatika," nikasema hewani. "Poleni, mtandao wa huko Ndithini mnaujua."

Hilo pia sikuwa nimewaambia.

Miezi mitano ikapita. Kalondu na mdogo wake wakapelekwa kwa mjomba wao Masila. Nilisikia Masila alikwenda polisi mara mbili wakamfukuza, na rumande hakuruhusiwa kumwona dada yake. Nilijifunza kutopita barabara ya Mitaboni.

Halafu Ijumaa moja ya mwezi wa nane akaja wakili, binti mdogo aitwaye Mwelu, aliyekabidhiwa faili la Katunge wiki mbili tu kabla. Alikuwa amevaa viatu vyenye vumbi na amebeba faili mbili kwapani.

"Niko na shida na hii klipu yenu," alisema. "Inaanza ghafla na inaisha ghafla. Nataka rekodi yote."

"Wakili, wewe si Mkamba?" nilimuuliza. Kweli nilitaka kujua.

Akacheka kwa uchovu. "Nimezaliwa Syokimau. Kikamba changu kiliishia kwa jina. Nyanya alijaribu akachoka. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

"Nilimuuliza huyo mama, ulisema niliua? Akaniambia, ndiyo nilisema. Sasa mimi nitamtetea na nini? Uko na rekodi ama huna?"

Flashi yenye rekodi nzima ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

"Ilifutwa," nilisema. "Mashine yetu inafuta kila baada ya mwezi."

Alinitazama kidogo. Akaandika kitu kwenye kijitabu, akaniachia namba yake, akaenda zake.

Nilikwenda ofisini kwa Mike nikafunga mlango. Kwa mara ya kwanza nikamweleza neno hilo maana yake nini. Nilitaraji ashtuke. Alishtuka kweli, ila si kwa namna niliyoitaka.

"Nani mwingine anajua?"

"Kila Mkamba anajua, Mike. Ila wamesikia sentensi ya Kiswahili."

"Basi iache hapo. Skiza, Ramzi. Sisi tulisema ameua? Hapana. Ni yeye alisema. Sauti ni yake, mdomo ni wake. Sisi tulirusha tu."

"Tulirusha nusu."

"Kila habari ni nusu! Nani amewahi kurusha nzima? Hata huo mkutano wa ngozi ungekata."

"Nikikata ngozi hakuna anayefungwa."

"Haki ni kazi ya korti, si yako. Korti ina macho yake." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Na ukitoa hiyo kitu, nani alikata? Ni mimi? Mimi sijui Kikamba. Nilikuuliza, ukaniambia ndivyo alivyosema."

Kwa hilo alikuwa na haki, na mpaka leo linanikera kwamba alikuwa na haki.

Nyumbani nilimkuta mama yangu, Zaituni, anamenya viazi vya kukaanga kwenye karai. Mama alimjua Katunge kabla yangu. Kila Jumatano Katunge alikuwa anamletea kunde kutoka Mitaboni, na hakuna siku alimpa mafungu madogo. Ndiyo maana pale mochari alikubali kuzungumza nami. Alisema, "Wewe si ni wa Mama Zaituni?"

"Leo ni miezi mitano," Mama alisema bila kuinua kichwa.

"Ya nini?"

"Ya kunde." Akamenya viazi viwili vitatu. "Ramzi baba, siku ile wewe ulimsikia vizuri alivyosema?"

"Mama, si nilikwambia. Kulikuwa na upepo, maneno mengine yakapotea."

Kisu kilisimama.

"Siku ile nilianika mashuka," alisema. "Yalishinda kwenye kamba, hayakutikisika. Mpaka jioni bado yana maji."

Aliendelea na viazi vyake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu nikatoa flashi kwenye droo, nikaitia mfukoni, nikaenda rumande kumwona Katunge. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilitaka nimwambie kwanza yeye, kisha wakili, kisha liwe litakalokuwa.

Alikuwa amekonda. Aliponiona alitabasamu, na tabasamu hilo likanivuruga hesabu zote.

"Ramzi! Mama hajambo?"

"Hajambo, mwaitu," nilijibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Anakusalimu."

"Mwambie kunde za mwaka huu zimeliwa na mbuzi za watu." Akacheka peke yake. Kisha akasema, "Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Wakili ameongea na wale wa mashtaka. Nikisema ni mimi, lakini si makusudi, kesi inakuwa ndogo. Labda naenda nyumbani kwa watoto. Nikikataa, ni mwaka ingine hapa, na mwisho pengine ni maisha. Kalondu ako darasa la saba, Ramzi. Ameanza kuwa mkubwa na mimi siko."

"Lakini hukumuua!"

"Wewe unajua. Mimi najua. Mungu anajua." Aliegemea waya uliokuwa kati yetu. "Sikia nikwambie. Wewe sina neno na wewe. Wewe peke yako ndio ulinisikiza. Polisi hawakutaka kusikia, majirani hawakutaka. Wewe uliniweka kwa redio, nikasema yote. Mahindi nikasema, ukungu nikasema, watoto nikasema. Polisi wenyewe waliniambia, tumekusikia kwa redio. Dunia yote ilinisikia, na bado wakachoma jiko. Sasa kama nilisema yote na hawakuamini, nitasema nini tena?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikamatwa jioni ile ile, na kwao hakuna redio. Hakuna siku aliyowahi kuisikia klipu. Alikuwa akidhani ukweli wake ulifika kwa watu, wakautazama, wakautupa. Alikuwa ameinua mikono kwa ajili hiyo.

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo.

"Muda umekwisha," askari akasema.

Ningeweza kusema kwa sekunde tatu. Mimi najua vizuri kinachoweza kusemwa kwa sekunde tatu. Lakini yeye alikuwa ananiambia, "Asante, mwana wa Zaituni," na mimi nikaitikia, "Karibu, mama." Nikatoka nimeshikilia flashi mfukoni mpaka kiganja kikaingia alama.

Nje nilimpigia Mwelu. Simu ilikuwa imezimwa. Nikampigia mara sita, ya saba nikaacha. Kama ningekuwa mtu mwingine ningemfuata mpaka Syokimau. Mimi nilirudi nyumbani nikalala chali, nikahesabu mabati.

Jumanne, saa tatu asubuhi, nilikuwa mahakamani. Nilichelewa kidogo kwa sababu Mama alikataa kunipa chai mpaka nimweleze ninakokwenda, na nilipomweleza alikaa chini. Nilimtafuta Mwelu koridoni, nikaambiwa ameshaingia ndani.

Chumba kilijaa. Klipu ilikuwa imefanya kazi yake. Watu walikuja kumwona aliyeua. Masila alikuwa benchi la mbele na kofia yake magotini. Mike alikuwa na waandishi wengine, simu mkononi, tayari kurekodi. Aliniona. Akatikisa kichwa polepole, mara moja.

Karani alisoma shtaka jipya, kuua bila kukusudia. Akamuuliza Katunge kama anakubali au anakataa.

"Nakubali."

Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na subira. Aliweka kalamu chini. "Mama, hakuna mtu anakulazimisha?"

"Hakuna."

"Basi niambie kwa maneno yako mwenyewe. Ilikuwa namna gani?"

Katunge alishika ukingo wa kizimba. Wakili wake alikuwa amemwambia aseme kwa ufupi. Lakini ukimwambia mtu wa Mitaboni aeleze ilivyokuwa, anaanzia pale jambo lilipoanzia.

"Ni mimi niliua..." alisema.

Chumba kizima kilivuta pumzi. Jaji aliichukua kalamu akaanza kuandika, na karani akamwinulia Katunge mkono, kama wanavyofanya huko kila siku, asubiri jaji amalize kuandika. Katunge alikuwa na neno mdomoni. Nililiona. Midomo ilikuwa imeshaanza kulitengeneza.

Kisha akautazama ule mkono, akaufunga mdomo, akainamisha kichwa.

Jaji aliandika nukta. Niliiona kalamu ikigonga karatasi. Akageukia upande wa mashtaka. "Nyinyi mna la kuongeza?"

Mkono ule wa karani ulikuwa wangu. Ndivyo nilivyoona, na sijaweza kuona vinginevyo. Nilichofanya mimi kwa kompyuta mwezi wa tatu kilikuwa kinafanyika tena mbele yangu, mahali pale pale, baada ya neno lile lile, na safari hii hakuna mtu aliyekusudia ubaya.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta tu niko wima.

"Mheshimiwa, hajamaliza sentensi!"

Askari alinishika bega. Mwelu aligeuka, akanitambua, uso ukambadilika.

"Wewe ni nani?" jaji aliuliza.

"Naitwa Ramzi, Mheshimiwa. Ni wa redio. Mimi ndiye niliyeikata."

"Umekata nini?"

Nilikuwa na maelezo marefu, ya Kikamba na Kiswahili, ya unga na ukungu na macho ya manjano, na yote yakanikimbia. Likabaki neno moja tu.

"Ugali, Mheshimiwa."

Watu walicheka. Chumba kizima kilicheka, mpaka askari aliyenishika nikasikia mkono wake unatikisika. Kilikuwa kicheko kile kile cha darasa la nne.

Masila hakucheka. Aliinua uso wake akanitazama. Mike alikuwa ameishusha simu.

Na Katunge, ambaye asubuhi yote hakuwa amegeuka kumtazama mtu, aligeuka. Alinitazama kwa muda mrefu, kwanza kwa tabasamu lile la jana, kisha likafifia polepole. Kicheko kikaisha. Kukawa kimya kabisa, kimya kile nilichokuwa nikikitafuta maisha yangu yote, na yeye akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Ramzi, kwani haukuweka yote?"